Baba wa Bi Harusi kwa Mchana Mmoja

Nilipaswa kusema hapana. Lakini mke wa rafiki yangu aliponiomba nivae kofia ya mume wake, nikae kwenye kiti chake na kumtoa binti yao mbele ya wakwe kana kwamba mimi ndiye baba mzazi, nilicheka, nikasema ndiyo.

Ulikuwa mwaka ule wa kwanza wa ugonjwa wa korona, watu wote tukiwa nusu uso nyuma ya barakoa. Mpaka wa Goma ulikuwa umefungwa. Asiyeijua Gisenyi, mji wetu wa Rwanda unaopakana na Goma ya Congo, hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Hapa mtu alikuwa akivuka kwenda Goma kunyoa nywele tu na kurudi kabla chai haijapoa. Rafiki yangu alivuka na marobota yake ya nguo, akituaga kwa kupunga mkono mmoja, na mpaka ukafungwa nyuma yake. Kurudi kulikuwa kwa zamu, kisha karantini, na zamu yake ilikuwa bado. Kutoka juu ya kilima nyuma ya nyumba yangu niliweza kuona mabati ya mtaa alimokwama, lakini sikuweza kumwona yeye.

Kila jioni alinipigia simu. Tulizaliwa huko Congo wote wawili, tukakaa dawati moja sekondari, tukarudi Rwanda kwa lori moja, yeye akiwa na binti yake mdogo mabegani. Binti ni huyo huyo mmoja, Mungu hakumpa mwingine. Alikuwa ameshachumbiwa na kijana mmoja wa upande wa mashariki mwa nchi, na wakwe walikuja mara moja kujitambulisha kabla ya ugonjwa. Kilichobaki ilikuwa siku kubwa ya kuombwa na kutolewa mahari. Rafiki yangu hakuzungumza jambo jingine. Kwenye simu alinifanyia mazoezi ya hotuba yake, neno kwa neno, nami nikamrekebisha hapa na pale.

"Munigojee," alisema kila mara kabla ya kukata simu. "Mutoto ni ule mumoja tu. Nitamutoa na kinywa yangu mimi."

Basi nilijua. Naliweka hilo wazi mapema ili msomaji asije akanionea huruma.

Shida ilianza pale serikali iliporuhusu tena sherehe za watu wachache na barabara za kwenda wilaya nyingine zikafunguliwa. Kila mtu alisema zitafungwa tena wakati wowote. Wakwe wakatuma habari: ni sasa. Mama wa binti akajibu kwamba baba yuko ng'ambo, baba mdogo, yaani mimi, kama binti alivyoniita, atasimama badala yake. Babu wa bwana harusi, mzee aliyekulia Karagwe na kuzungumza Kiswahili kilichonyooka kama rula, akachukua simu mwenyewe. Alisema binti hutolewa na kinywa cha baba yake, na baba mdogo ana kinywa chake cha kuwatolea binti zake.

Mama akakata simu na kuja kwangu mbio, kitenge kimoja begani na kingine kikiburuta.

"Shemeji," alisema, "we na bwana yangu muko sawa urefu, muko sawa upara."

"Upara wangu ni mukubwa zaidi."

"Kofia itafunika. Na kashene itafunika ingine." Kashene ndilo jina tuliloipa barakoa sisi tuliokulia Congo. "Wale watu walimuona mara moja tu. Nani atajua?"

"Na ule babu?"

"Ule babu? Haone hata ng'ombe mu zizi."

"Na bwana yako, utamwambia?"

"Nitamwambia kisha."

"Kisha ya nini?"

"Kisha ya kula, shemeji! Kwanza tule."

Nilicheka, na kicheko kikanibeba. Lakini si kicheko peke yake. Mungu alinipa watoto wa kiume watupu. Nimekwenda kuwaombea wake, mmoja baada ya mwingine, na kila mara nilikaa upande ule wa wanaoinamisha kichwa na kubembeleza. Kiti cha baba wa binti, kiti kinachoombwa, kinachosifiwa, kinachokunja uso kwa makusudi ili kisifiwe zaidi, sikuwahi kukikalia. Nilikitamani. Huo ndio ukweli wenyewe.

Asubuhi ya siku hiyo tulinivalisha, mama, shangazi wawili na mimi mwenyewe, jikoni, mlango umefungwa. Nasema tulinivalisha kwa sababu nilijitazama kama mtu mwingine. Koti lake lilinikaa vizuri. Kofia ilikaa. Miwani yake minene ya sherehe, aliyoiacha nyumbani, ilikaa pia, isipokuwa sikuona kitu kupitia humo. Watu walikuwa mawingu yenye miguu. Barakoa ilipofika juu ya pua, pumzi yangu ikapanda hadi kwenye vioo, na hata mawingu yakatoweka.

"Toa miwani," shangazi mmoja akasema.

"Asitoe!" mama akakataa. "Babu alisifu ile miwani. Alisema ni ya mwalimu."

"Alisifu nini ingine?"

"Mwanya."

Wote wakanitazama mdomoni. Rafiki yangu ana mwanya mzuri katikati ya meno ya mbele, na kwetu mwanya ni pambo. Mimi sina hata meno ya mbele ya kuwekea mwanya. Tulicheka mpaka shangazi mmoja akakaa chini juu ya gunia la viazi.

"Donc, basi," mama akasema akijifuta macho, "kashene haishuke. Hata nyumba ikiungua, haishuke. Sasa kohoa."

"Nikohoe?"

"Bwana yangu anakohoaka mbele ya kusema. Weye unajua. Khm-khm, halafu anasema. Walisikia."

Nikakohoa. Wakanirekebisha. Nikakohoa tena, wakapiga makofi.

Nilipotoka, binti mwenyewe alikuwa amesimama kwenye korido, amevaa mshanana wake, vazi letu la sherehe, barakoa imeshonwa kwa kitambaa kile kile. Alinijua papo hapo. Macho yake yalicheka kwanza, kisha yakaacha.

"Baba mudogo," aliniuliza, "papa anajua?"

"Anajua," nikamjibu.

Akashusha pumzi, akacheka tena, akaninyoosha kola.

Wageni walifika. Langoni tulikuwa tumeweka ndoo yenye kikanyagio, ile ya kukanyaga ukanawa, na kila mkwe alipokanyaga maji yaliruka yakamwogesha viatu. Pembeni alisimama binti wa kujitolea aliyetumwa na mtaa kuangalia usalama, fulana yake ikimfika magotini, kipimajoto mkononi. Alikuwa na sauti ya kengele ya shule. Siku hizo hatukukumbatiana tena kama desturi yetu ilivyo, tuligusana viwiko. Babu akaja na kiwiko chake, nami kwa ukungu wa miwani nikampa bega, na kiwiko cha babu kikanipata mbavuni barabara.

"Mzee, samahani," akasema kwa Kiswahili chake cha rula. "Nilikulenga mkono."

"Umepata moyo," nikajibu. Wakacheka. Nikajua nitafurahi siku hiyo.

Tulikaa kila mtu kwenye kiti chake mbali na mwenzake, kama watu waliogombana. Msemaji wao akasimama, akaanza kutusifu. Shughuli iliendeshwa kwa Kinyarwanda, lakini wazee tulipotaniana tulirukia Kiswahili, wao cha Tanzania, sisi cha Goma, na kila upande ukasikitikia Kiswahili cha mwenzake. Kila sentensi ilipita kwenye kitambaa, tukasikia nusu.

"Wamesema wameleta ng'ombe?" jirani yangu aliuliza.

"Wamesema wameleta ndugu."

"Afadhali wangeleta ng'ombe."

Zamu yangu ikafika ya kuitikia salamu. Nikakumbuka mafunzo. Khm-khm.

Kukohoa mbele za watu mwaka ule kulikuwa kama kufungua mzinga wa nyuki. Viti vilirudi nyuma vyote kwa pamoja, vikikwaruza sakafu. Shangazi mmoja wa upande wao alijifunika kitenge kichwa kizima. Binti wa kujitolea akaja mbio na kunielekezea kipimajoto kwenye paji la uso, ikabidi anisukume kofia kidogo, na upara wangu, ule mkubwa zaidi, ukachungulia.

"Huna homa, muzee," akatangaza kwa sauti ya kengele. "Kwa nini unakohoa?"

"Ni utangulizi," nikasema.

Babu alicheka kuliko wote. "Namkumbuka! Hata siku ile alianza hivyo hivyo!"

Mama, kutoka upande wa wanawake, alinitumia jicho la ushindi.

Ikaja sehemu ya mchezo. Kwetu binti haletwi hivi hivi. Huletwa kwanza wengine, na bwana harusi hukataa mmoja mmoja, huyu siye, huyu siye, mpaka aletwe wake. Kwa kawaida si kazi. Lakini sasa walikuwa wamevaa mishanana ya rangi moja na barakoa za kitambaa kimoja. Wa kwanza akapita, kijana akakataa. Wa pili akapita, kijana akakataa. Wa tatu akapita kwa madaha, akageuka, na kijana wetu, jasho likimtoka, akainuka kwenye kiti na kunyoosha mkono.

"Huyu ndiye!"

Alikuwa shangazi yule aliyekaa juu ya gunia la viazi. Sijawahi kusikia kelele kama ile. Shangazi mwenyewe alikubali papo hapo, akaenda kukaa karibu yake, akakataa kuondoka.

"Nimechaguliwa," akasema. "Ng'ombe iko wapi?"

Ilibidi wakwe watozwe kreti ya soda kama faini ndipo aachie kiti. Alipotoka binti mwenyewe, bwana harusi hakusubiri kuona macho yake, alimtambua kwa mwendo, akafumba macho kama mtu aliyenusurika ajali.

Nilikuwa nimelewa furaha kabla ya pombe. Kisha pombe ikaja.

Mtoa pombe, kwa desturi yetu, huionja yeye kwanza mgeni akimwona, kuonyesha kuwa hakuna kilichotiwa ndani. Nilikuwa nimesahau. Mama alikuwa amesahau. Kofia, kikohozi, miwani, tulifikiri kila kitu isipokuwa kinywa. Wakaleta vibuyu vya pombe ya mtama, kila mtu na chake kwa sababu ya ugonjwa, na changu wakakiweka mbele yangu.

"Baba mwenyewe aonje," akasema babu. "Nami nione tena ule mwanya."

Nilisikia upande wa wanawake mtu akiangusha sahani.

Nikainua mkono taratibu kuelekea kwenye kamba ya barakoa sikioni, kama mtu anayeelekea kunyongwa. Ndipo ikalia kengele.

"Muzee! Kashene haishuke! Uko karibu na mutu!"

Binti wa kujitolea alikuwa amesimama kati yetu, mikono kiunoni. Ningembusu, kama ugonjwa ungeruhusu.

"Binti," babu akamwambia kwa upole, "sasa atakunywa kwa sikio?"

"Atajua yeye. Sheria ni sheria."

"Mrija!" mama akapiga kelele. "Mumupe murija!"

Wakaleta mrija mrefu wa kunywea. Nikauingiza chini ya barakoa kutoka kidevuni, nikitafuta kinywa changu kama mtu anayetafuta tundu la ufunguo. Kwa ukungu ule sikuona kitu. Nikavuta kwa nguvu, nikidhani nimefika. Mrija ulikuwa umesimama kwenye tundu la pua.

Sitaeleza sana. Pombe ya mtama haikuumbwa kwa ajili ya pua. Nilipiga chafya ambayo viti vyote viliitambua, vikarudi nyuma hadi ukutani, na mtu mmoja akatoka nje kabisa. Barakoa ililoa, lakini ilibaki mahali pake. Nikajaribu tena, nikapata kinywa, nikameza, nikainua kidole gumba juu.

"Bwana mkwe," babu akasema akishika tumbo, "huko ni kunywa au ni kumwagilia ndevu?"

"Ni vyote," nikajibu. "Sisi watu wa Gisenyi hatubagui."

Wakapiga vigelegele, wakanywa.

Kisha ikafika saa ya baba kusema neno lake. Nilikuwa nimepanga kusema sentensi fupi na kukaa. Nilisimama. Mawingu yote yalinigeukia. Na badala ya sentensi fupi, nikasikia kinywa changu kikitoa hotuba niliyoisikia jioni nyingi kwenye simu.

Nilisema: huyu nilimbeba mabegani tuliporudi nchini, akilala kichwa chake juu ya changu, na mate yake yakinitiririka shingoni, na tangu siku hiyo shingo yangu haijakauka. Nilisema: leo namshusha. Mumbebe vizuri.

Niliyasema nikiwa nimeelekea kwenye kreti za soda, kama nilivyoambiwa baadaye, kwa kuwa sikuona. Hakuna aliyecheka. Babu alivua kofia. Binti alilia mpaka barakoa yake ikabadilika rangi. Nami nilisimama pale, mabega yakiniuma kana kwamba kweli yalimbeba mtu. Kwa kitambo kile sikuwa nikiigiza. Nilikuwa na binti.

Wageni walipoondoka tulirudi jikoni, tukafunga mlango, tukacheka mpaka tukaumwa. Shangazi aliigiza mrija. Mama aliigiza chafya. Nilirudi nyumbani nikitembea kama kijana, nikamwigizia mke wangu yote tangu mwanzo, naye alicheka, kisha akaniuliza rafiki yangu amesemaje. Nikamwambia mama yake binti atamwambia.

Hakuwahi kumwambia. Mmoja wa wakwe alikuwa amepiga picha za video, nazo zikatoka simu hadi simu, zikavuka mpaka bila karantini. Rafiki yangu alikuwa amekaa mbele ya duka la mtu huko Goma, mtu mwingine akaja na kumpongeza.

"Muzee, félicitations! Tumekuona, ulisema vizuri!"

"Mimi?" akauliza.

Akamwonyesha video.

Siku hiyo hakunipigia jioni. Alinipigia mchana. Nilianza kucheka nilipoona namba yake, maana nilikuwa na hamu ya kumsimulia habari ya mrija.

"Ni weye ulikaa mu kiti yangu?" aliuliza.

"Ni mimi. Sikia, ndugu yangu, bibi yako, mama ya mutoto..."

"Bibi yangu nitaongea naye. Mutoto alilia saa gani?"

"Saa ya maneno."

"Maneno gani?"

Nikaanza kumweleza habari ya mrija.

"Yaseme."

Nikayasema. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, na mabati ya Goma yaling'aa mbele yangu. Nilipofika kwenye mabega nilitaka kuruka, akanirudisha. Nikayasema yote.

"Ile ni yangu," akasema. "Nilikusomea ile. Ni mimi nilimubeba."

"Najua."

"Bon, sawa," akasema, na simu ikakatika.

Wakwe nao walipata habari. Babu, naambiwa, alicheka siku mbili, akasema amepata wakwe wa maana, na ndoa haikutikisika hata kidogo. Ningependa kuishia hapo, kwa babu anayecheka, kwa sababu kila ninapoisimulia habari hii watu huanguka chini kwa kicheko nami huanguka pamoja nao.

Rafiki yangu alirudi zamu yake ilipofika. Nilikwenda kumngoja alipotoka karantini. Alinipita. Nilidhani ni barakoa, kwamba hakunitambua. Nikaivuta chini nikamwita. Alinitambua. Aliendelea kutembea. Nimekwenda nyumbani kwake mara nyingi kuomba radhi, peke yangu, kisha na mke wangu, kisha na padri. Aliwasemesha wote isipokuwa mimi, kwa adabu: kiti alinipa, neno hakunipa. Mke wake alimsamehe baada ya muda, maana wanaishi nyumba moja. Binti alikuja kwangu mara moja tu, kabla ya kuhamia kwa mumewe.

"Niliuliza," aliniambia. "Ulisema anajua."

Nikasema ni kweli, nilisema hivyo.

Sasa ana mtoto. Walipompa jina, mtaa mzima uliitwa, mimi sikuitwa. Tunaishi bado karibu, baba yake na mimi, na tunasali kanisa moja, na tunazeeka. Hajanisemesha tangu ile simu, wala sitegemei tena kwamba atanisemesha. Kwa ajili ya mchana mmoja kwenye kiti chake nilimpoteza rafiki niliyekuwa naye tangu utoto, na binti pekee aliyewahi kuniita baba.